Mbona pampu ya pumu hainisaidii tena kama zamani?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Nina miaka 34, pumu ninayo tangu shule ya msingi. Natumia pampu ya bluu, ya salbutamoli. Zamani nikipuliza mara mbili nilikuwa napona mpaka nasahau kama naumwa, ila mikono ilitetemeka na moyo ukaenda mbio. Siku hizi sitetemeki kabisa, lakini nikipuliza mara mbili, baada ya saa moja kifua kinabana tena. Kwa siku naitumia mara sita, yaani mipulizo kumi na miwili. Mama mkwe anasema mwili umeshazoea, nikiendelea nitakuwa teja wa pampu. Kijana wa duka la dawa ananiambia nibadilishe kampuni. Nimsikilize nani? Au niache kabisa?"

Marahaba, dada yangu. Nitakujibu yote, lakini kwanza hili. Salbutamoli ikivutwa vizuri huanza kazi ndani ya dakika tano, na kifua hukaa wazi saa nne hadi sita. Nafuu ya saa moja si jambo la kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali leo, uwe na pampu yako mkononi, uwaambie maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Na ukiona huwezi kumaliza sentensi bila kutweta, au midomo imebadilika rangi, au kifua kilichokuwa kinalia miluzi kimenyamaza huku hewa bado haikutoshi, usingoje kukuche. Kifua kikinyamaza namna hiyo, hewa inayopita ni ndogo mno hata kupiga mluzi.

Sasa tuzungumze.

Mama mkwe wako amegusa ukweli, ila jina alilolipa jambo lenyewe ndilo linalonitia hofu, kwa sababu limewafanya wagonjwa wengi waitupe dawa inayowaokoa. Watu huchanganya mambo matatu. Usugu ni wa vijidudu: bakteria hubadilika, dawa ikashindwa kuwaua. Hapa hakuna kijidudu. Uteja ni ile kiu ya dawa inayomtawala mtu, akaitafuta hata pale isipomfaa kitu. Wewe hutafuti starehe, unatafuta hewa. Kilichokupata ni cha tatu: njia zako za hewa zimepunguza kuitika. Dawa ni ile ile ya jana. Aliyebadilika ni anayeitwa.

Nilipokuwa nasoma famakolojia, yaani elimu ya dawa, tulifanya jaribio moja ambalo hunijia kila nikikutana na mgonjwa kama wewe. Unachukua pete nyembamba iliyokatwa kwenye koo la hewa la simbilisi, unaining'iniza kwa uzi ndani ya mrija wa kioo wenye maji ya chumvi na sukari, joto nyuzi 37, mapovu ya oksijeni yakipanda kutoka chini. Uzi wa juu umefungwa kwenye kifaa kinachopima mvuto. Ukidondosha asetilikolini, pete inajikaza na mstari unapanda kwenye karatasi. Ukidondosha isoprenalini, ambayo ni kaka mkubwa wa salbutamoli, mstari unashuka taratibu kama tanga linaloteremshwa. Hapo kila mwanafunzi hutabasamu. Kisha mwalimu anakwambia uiache pete ikae kwenye isoprenalini kwa muda mrefu, uioshe, uikaze upya, urudie. Mara hii mstari haushuki kama mwanzo. Unaongeza dozi, unashuka kidogo. Unaongeza tena, haufiki ulipofika asubuhi.

Nilidhani pete imekufa. Mwalimu akadondosha teofilini, dawa inayolegeza msuli kwa njia nyingine, na mstari ukashuka. Msuli ulikuwa mzima. Kilichochoka ni mlango mmoja wa kuingilia.

Mlango huo unaitwa kipokezi cha beta-2. Seli za msuli unaozunguka njia zako za hewa zimejaa vipokezi hivi. Adrenalini ya mwili wako hubisha hodi hapo, na salbutamoli hubisha hodi kwa kuiiga. Hodi ikisikika, wa ndani huitika: kimeng'enya kinaamka, kinatengeneza kemikali iitwayo saikliki AMP, nayo inauamuru msuli ulegee. Njia inapanuka, unapumua. Earl Sutherland, aliyeigundua saikliki AMP, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Mwaka 2012 Robert Lefkowitz na Brian Kobilka, Wamarekani wote wawili, walipewa ya kwao kwa kuichambua jamii nzima ya milango ya aina hii.

Sasa fikiria mtu anayebisha hodi kwako kutwa kucha. Mara ya kwanza unaitika karibu, ya pili pia. Ya ishirini unatafuta namna ya kukaa na wanao kwa utulivu. Seli nayo iko hivyo. Haiwezi kuitika bila kikomo, la sivyo itajichosha, basi hujikinga.

Ndani ya dakika chache mlango unaogongwa mfululizo hubandikwa alama za fosfeti upande wa ndani, kisha protini iitwayo arestini huja kukaa juu ya alama hizo kama komeo. Hodi inapigwa lakini haifiki ndani. Mgeni akiondoka mapema, alama hufutwa na mlango hurudia kazi yake. Asipoondoka, seli huung'oa mlango wenyewe na kuuingiza ndani. Milango mingine husafishwa na kurudishwa mahali pake, mingine hupelekwa kuvunjwavunjwa. Na hodi ikiendelea kwa saa nyingi au kwa siku, seli hupunguza hata maagizo ya kutengeneza milango mipya, hivyo iliyovunjwa haipati wa kuziba nafasi yake. Mtu wa kiwango hicho akiongeza mipulizo ni kama anagonga ukuta. Komeo huondoka baada ya dakika au saa, lakini mlango uliovunjwa unahitaji siku kadhaa ili mwingine utengenezwe. Kumbuka tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayotupa matumaini: hakuna kilichoharibika moja kwa moja.

Umeniandikia jambo dogo ambalo wagonjwa wengi hawalitaji, kwamba hutetemeki tena. Misuli ya mikono ina milango hiyo hiyo ya beta-2, na ule mtetemo ni hodi iliyoitikiwa mahali pasipokusudiwa. Mtetemo ukipotea, wengi hufurahi wakidhani dawa sasa imewakubali. Mimi nikisikia hivyo naanza kuuliza pampu ngapi zinaisha kwa mwezi, kwa sababu mikono imeshanieleza kinachoendelea.

Na kuna jambo ambalo hata sisi madaktari hulisahau. Milango haipotei sawasawa kila mahali. Msuli wa njia ya hewa una milango mingi ya akiba, na vile vimeng'enya vya kubandika alama ni vichache ndani yake, kwa hiyo huvumilia. Lakini jirani yake kuna seli za ulinzi ziitwazo seli za masti, zenye vifuko vya histamini na kemikali nyingine za kubana kifua. Salbutamoli ikizifikia huzituliza zisimwage vifuko vyao. Seli hizi hazina akiba kubwa, na komeo zake hufungwa haraka. Matokeo yake ni haya: mtu anayetumia salbutamoli kila siku, pampu bado humfungua kifua kwa kiasi akiwa ametulia nyumbani, akasema mbona iko sawa tu, kumbe ngao imeshashuka. Vumbi la kufagia ambalo zamani lisingemfanya kitu sasa linambana. Akikimbilia daladala, kifua kinambana hata kama alipuliza kabla ya kutoka. Hili limepimwa maabara kwa watu walioitumia dawa mfululizo kwa siku chache tu, wakapewa mazoezi au vichokozi vya kuvuta. Wakati huo huo, kwenye majaribio ya panya, njia za hewa zilizopigiwa hodi ya kulegea bila kupumzika zilionekana kuongeza nguvu kwenye mitambo yao ya kukaza. Na pengo kubwa zaidi huonekana kifua kikiwa tayari kimebana sana: aliyeizoea dawa hufunguka kidogo na polepole kuliko asiyeizoea. Yaani akiba inakwisha siku ile hasa unayoihitaji.

Hata hivyo, dada yangu, nisikuache ukidhani milango ndiyo kisa chote. Naamini kwako si hata nusu ya kisa. Pumu si msuli kujikaza tu. Kuta za njia za hewa zimevimba, na vijia vidogo vimezibwa na makohozi mazito yanayonata. Salbutamoli hulegeza msuli, basi. Haipunguzi uvimbe wala haizibui makohozi. Zaidi ya hapo, kemikali za uvimbe zenyewe hufunga milango ya beta-2, hata kwa mtu ambaye hajagusa pampu wiki nzima, na mafua makali hufanya vivyo hivyo. Sasa angalia duara ulimo. Uvimbe unakufanya upulize zaidi. Kupuliza zaidi kunapunguza milango. Nafuu inafupika, unapuliza tena. Na kwa kuwa kila mpulizo unakupa hewa kidogo, unaahirisha hospitali, uvimbe ukiendelea chini kwa chini kama moto wa pumba.

Hili la kuahirisha limeshaua watu wengi. Miaka ya 1960, Uingereza, Australia na New Zealand ziliona vifo vya pumu vikipanda ghafla, hasa kwa vijana, wakati pampu ya isoprenalini yenye nguvu mara tano ya ile ya kawaida ilipokuwa sokoni. Mwaka 1971 watafiti Conolly, Dollery na wenzao waliandika kwamba huenda sababu mojawapo ni hii tunayoizungumza, njia za hewa kuacha kuitika. New Zealand ikapigwa tena kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1989 watafiti wa huko walionyesha uhusiano kati ya vifo hivyo na pampu ya fenoteroli, dawa nyingine ya jamii ya salbutamoli, ikawekewa vikwazo, na vifo vikashuka. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani kilitokana na moyo kuelemewa na dawa, kiasi gani ni milango kufungwa, na kiasi gani ni watu kuchelewa hospitali kwa sababu pampu iliwapa moyo wa kusubiri. Mimi naona mambo hayo matatu husafiri pamoja, na ukimsikiliza mgonjwa vizuri huwezi kuyatenganisha.

Hata dawa za jamii hii zinazokaa saa 12 hazikuepuka. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wenye washiriki zaidi ya 26,000, waliokufa kwa pumu walikuwa 13 upande wa salmeteroli, mojawapo ya dawa hizo, na 3 upande wa waliopewa pampu ya kulinganishia isiyo na dawa ndani. Baadaye tafiti nyingine kubwa zikaonyesha kwamba dawa hizo zikiunganishwa na steroidi, yaani dawa ya kuzima uvimbe, ndani ya pampu moja, hatari hiyo ya ziada haionekani.

Hebu tuhesabu za kwako. Mipulizo 12 kwa siku, pampu ina mipulizo 200, maana yake inaisha kwa siku 16 au 17. Kwa mwaka ni pampu 22 hivi. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kwa kifupi kama GINA, unasema pampu tatu au zaidi kwa mwaka zinaendana na kuongezeka kwa mashambulizi makali, na 12 au zaidi zinaendana na kuongezeka kwa hatari ya kifo. Uingereza walipochunguza vifo vya pumu, katika ripoti ya mwaka 2014, kati ya marehemu 165 ambao idadi ya pampu zao ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wao wa mwisho. Sikutajii hayo kukutisha. Nakutajia ili ukifika hospitali usikubali kupewa pampu nyingine ya bluu peke yake na kuambiwa rudi nyumbani.

Kinachohitajika ni steroidi. Mwaka 1975 Ellul-Micallef na Fenech, madaktari wa Malta, waliwachukua wagonjwa wa pumu ambao dawa za jamii ya adrenalini zilikuwa haziwasaidii vizuri, wakawapa prednisoloni, ambayo ni steroidi, kwa njia ya mshipa. Ndani ya saa chache dawa zile zile zikaanza kuwafungua kifua tena. Leo tunajua sababu: steroidi huingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuagiza milango mipya itengenezwe, na hapo hapo inazima uvimbe uliokuwa unaifunga ile ya zamani. Ndiyo maana ukifika hospitali kifua kimebana, nebulaiza, ile mashine ya kuvutia dawa kama ukungu, peke yake haitoshi. Watakupa pia prednisoloni, mara nyingi vidonge vya siku 5 hadi 7, na wanaweza kuongeza ipratropiumu, ambayo inapitia mlango mwingine kabisa usiochoshwa na salbutamoli, kama ile teofilini kwenye pete yetu.

Halafu kuna ya kila siku: steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonaidi. Najua linalosemwa mitaani, kwamba steroidi hunenepesha na kuharibu mifupa. Hayo ni ya vidonge vinavyomezwa kwa miezi na miaka. Ya kuvuta ni dozi ndogo inayokwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Ukisukutua mdomo na kutema maji kila baada ya kuivuta, unaepuka utando mweupe wa ulimi, ambao ndio usumbufu wa kawaida. Haitakupa nafuu ya papo hapo, na hapo ndipo wengi wanapoiacha siku ya tatu. Ipe wiki kadhaa. Tangu mwaka 2019 GINA imeacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa mtu mzima mwenye pumu. Inapendelea pampu moja yenye budesonaidi na formoteroli (dawa ya jamii ya salmeteroli) pamoja, ambayo mgonjwa huitumia hata pale kifua kinapobana, ili kila anapobisha hodi awe anaongeza na milango. Muulize daktari kama inapatikana na kama bima yako inailipia. Isipopatikana, steroidi ya kuvuta kila siku na salbutamoli ya dharura bado ni tiba nzuri.

Nije kwa kijana wa duka la dawa. Kubadilisha kampuni hakutasaidia milango, kwa sababu salbutamoli ni salbutamoli. Lakini anastahili sikio kwa jambo moja: hakikisha pampu ina dawa kweli. Kopo huendelea kutoa upepo hata baada ya mipulizo 200 kuisha, na nimeona watu wakivuta upepo mtupu wiki nzima. Kama haina kihesabio, andika tarehe uliyoianza. Usikubali pia kubadilishiwa vidonge vya salbutamoli kwa sababu ni rahisi bei: vinagonga milango ya mwili mzima, vinachelewa, na vinakutetemesha bila kukupa zaidi. Na kama kuna mtu amekuandikia propranololi kwa presha au kipandauso, au matone ya timololi kwa macho, mtajie daktari leo hii, maana dawa hizo hufunga milango ya beta-2 moja kwa moja.

Angalia na namna unavyovuta. Wengi hupuliza ulimini. Tikisa pampu, toa pumzi yote, anza kuvuta taratibu na ndipo ubonyeze, kisha bana pumzi ukihesabu hadi kumi. Ikikushinda, tafuta chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, toboa tundu kitakoni litakaloshika mdomo wa pampu barabara, pulizia humo huku ukivuta kwenye mdomo wa chupa. Usidharau. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya namna hiyo ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa ya pampu.

Je, uache? Hapana, usiiache ghafla. Milango iliyopungua si sifuri, na siku ya shambulio mipulizo 4 hadi 10 kupitia chupa hiyo, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, ndiyo itakayokufikisha hospitali ukiwa hai. Tunachotaka ni uvimbe ushuke mpaka ujikute hujaigusa pampu ya bluu siku nzima, kisha siku mbili. Hodi ikipungua, milango huanza kurudi ndani ya siku chache, na steroidi huiharakisha.

Mama mkwe msimulie haya kwa heshima, maana jicho lake liliona kitu kabla ya sisi wengine. Na baada ya wiki kadhaa, siku utakapopuliza pampu ya bluu kwa shida ya kweli na ukaona vidole vinatetemeka kidogo juu ya kikombe cha chai kama zamani, usishtuke. Ni milango inayoitika.